Ujiji kwa miguu: mji wa kimya ambako historia ya Uvira ilipitia

Wakaaji wengi wa Uvira wanaijua Kigoma. Kuna waliofika kule kwa biashara, na kuna waliofika 1996, wakikimbia vita kwa boti, watoto mgongoni, kabla ya kupelekwa kwenye kambi kama Nyarugusu. Lakini Ujiji, ambayo iko kama kilomita 8 tu kusini mwa Kigoma, wengi wanaijua kwa sentensi moja ya kitabu cha darasani: pale njo Stanley alimkuta Livingstone. Habari inaishia hapo, kama vile mji huo ulijengwa kwa ajili ya wazungu wawili kusalimiana.

Ujiji ni kubwa kuliko salamu ile. Kabla ya Kigoma kuwa na gari moshi, Ujiji njo ilikuwa mji mkubwa wa biashara wa Ziwa Tanganyika. Pembe za ndovu za Manyema zilipitia pale, na watu waliokamatwa upande wetu huu wa magharibi walipitia pale pia wakiwa wamefungwa. Hata Kiswahili ambacho mama wa Mulongwe anatumia leo kuuza ndagala kilivuka ziwa kwa njia hiyohiyo. Kwa hiyo mtu wa Uvira akitembea Ujiji hatembei ugenini kabisa. Anasoma sehemu ya habari ya kwao ambayo haikuandikwa kwenye jiwe.

Leo Ujiji ni sehemu ya kimya ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, nchini Tanzania. Unaweza kuitembea mwenyewe, bila gide, kwa nusu siku. Njia yenyewe ni fupi: ukitembea bila kusimama haifiki hata saa moja. Ila faida yake iko katika kusimama.

KABLA YA KUONDOKA

Kutoka Uvira kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya maji. Boti za mizigo zinazochukua na abiria zinatoka Kalundu kuelekea upande wa Kigoma, na boti ndogo nyingi hutia nanga Kibirizi, kaskazini kidogo mwa mji. Zinategemea mizigo na upepo, kwa hiyo usipange safari ya kwenda na kurudi kwa tarehe kamili. Ya pili ni ya barabara: Kavimvira, Gatumba, Bujumbura, kisha kandokando ya ziwa kupitia Rumonge na Nyanza-Lac hadi mpaka wa Mugina na Manyovu, halafu Kigoma.

Njia zote mbili hufungwa na kufunguliwa kulingana na hali ya usalama. Uliza siku ileile unayotaka kuondoka, siyo wiki moja mbele. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, lakini hiyo haimaanishi kwamba karte ya uchaguzi inatosha kuvuka. Pitia kwanza kwa DGM ujue hati gani inaombwa kwa sasa. Tena badilisha pesa Kigoma mjini, sababu franka haitakusaidia kitu Ujiji.

Kigoma, magari madogo ya abiria yanaitwa daladala. Yanayokwenda Ujiji yanapitia Mwanga, na hayakawii kupatikana. Mwambie kondakta kwamba unashuka pa Livingstone. Atakuelewa mara moja.

KITUO CHA KWANZA: MIEMBE YA BARABARANI

Ukifika Ujiji, usikimbilie jumba la makumbusho. Simama kwanza chini ya miembe.

Miembe mikubwa na mizee inaonekana sehemu mbalimbali za njia ya Kigoma na Ujiji. Mwembe siyo mti wa asili wa huku. Ulitoka Asia, ukafika pwani kwa majahazi, kisha ukaingia bara pamoja na misafara. Wenyeji wanasimulia kwamba wapagazi na watumwa walikula maembe njiani na kutupa kokwa, na kokwa hizo zikaota. Wengine wanasema wafanyabiashara wenyewe waliipanda kwa makusudi ili misafara ipate kivuli na chakula. Masimulizi yote mawili yanakubaliana jambo moja: ukiona miembe mizee, jua watu wengi walipita hapo kwa miguu.

Njia ile ilitoka Bagamoyo, kwenye pwani ya Bahari ya Hindi, ikapita Tabora na kuishia hapa ziwani. Ni karibu kilomita 1,200. Waingereza Richard Burton na John Speke walianza safari yao pwani katikati ya 1857, wakafika Ujiji Februari 1858. Waarabu na Waswahili walikuwa wametangulia. Wazungu hao walifuata njia iliyokuwa imekwisha kufunguliwa na kuwakuta wafanyabiashara wanaendelea na kazi yao.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo, pamoja na Ujiji, kwenye orodha ya awali ya maeneo ambayo inataka UNESCO iyatambue kuwa urithi wa dunia. Jina walilolitumia halifichi kitu: njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Vyote viwili vilikwenda pamoja. Pembe ilikuwa na bei kubwa pwani na ilihitaji mabega ya kuibeba. Wengine walibeba kwa ujira, na wapagazi wa Kinyamwezi walijulikana sana kwa kazi hiyo. Wengine walitembea kwa sababu shingo zao zilikuwa kwenye mnyororo au kwenye gongo la panda.

Walitoka wapi? Wengi walitoka ng'ambo ya ziwa. Burton, alipofika Uvira 1858, aliandika kwamba hicho kilikuwa kituo cha mwisho upande wa kaskazini ambako wafanyabiashara walikuwa wanaruhusiwa kufika, na kwamba walinunua pale watumwa, pembe, nafaka, nguo za magome ya miti na vyombo vya chuma. Soma orodha hiyo polepole. Watumwa njo wanatajwa mbele, kabla ya nafaka.

KITUO CHA PILI: MITAA YA BARAZA

Kutoka barabara kuu, ingia kwenye vijia vya upande wa ziwa. Hapa njo utasikia kimya cha Ujiji. Nyumba nyingi ni za udongo au matofali, za chini, zenye mabati juu na baraza mbele. Wazee wanakaa nje. Watoto wanatoka madrasa. Baiskeli inapita na mafungu ya kuni, halafu hakuna kitu tena kwa dakika kadhaa.

Usidanganyike na kimya hicho. Katika miaka ya 1870 na 1880, huu ulikuwa mji wa watu wa kila namna. Wenyeji wenyewe ni Wajiji, ambao jina la mji limetokana nao. Kwa hao waliongezeka Waarabu wa Omani na Zanzibar, Waswahili wa pwani, Wanyamwezi, na watu wengi wa magharibi mwa ziwa. Mmoja wa wakubwa wa mji alikuwa Mwinyi Kheri. Huyu hakutoka Arabuni. Alikuwa mtu wa Mrima, yaani ile pwani ya bara inayotazamana na Zanzibar. Alioa katika ukoo wa watawala wa Wajiji, akatajirika kwa biashara iliyoelekea kaskazini mwa ziwa, Uvira ikiwamo. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Sultani Barghash wa Zanzibar alimtambua kuwa mwakilishi wake hapa, akapandisha bendera ya Sultani. Mwinyi Kheri alifariki 1885. Baada yake, mwenye nguvu alikuwa Muhammad bin Khalfan, anayejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, mshirika wa Tippu Tip.

Lakini mji haukujengwa na wakubwa peke yao. Walioujaza ni watu wa chini: wapagazi, watumwa, wapiga makasia, wake waliochukuliwa mbali, mafundi, vijana waliobeba bunduki za matajiri. Wengi wao waliitwa kwa jina moja tu, Wamanyema, hata kama makabila yao yalikuwa tofauti. Hadi leo Ujiji kuna familia zinazotaja asili ya ng'ambo: Wamanyema, Wabwari, Wagoma, Waholoholo, Wabembe. Mtu wa Fizi au Baraka akiketi barazani na kusema anakotoka, asishangae mzee akimwuliza habari za ukoo.

Hapa kuna jambo ambalo linafaa kufikiriwa vizuri. Mtu aliyeletwa Ujiji kwa nguvu alipoteza jina la kijiji chake, na mara nyingi watoto wake walipoteza lugha yake. Walichopata badala yake ni Kiswahili, dini ya Kiislamu kwa wengi, na namna ya kuitwa muungwana, mtu huru, hata kama baba yao hakuwa huru. Waliorudi magharibi na misafara walirudi na lugha hiyo. Ndiyo maana Kiswahili cha mashariki ya Kongo kilikuja kuitwa Kingwana, lugha ya waungwana. Leo Mvira, Mfuliru, Mbembe na Mshi wanaelewana sokoni kwa Kiswahili, na wengi hawajui kwamba daraja hilo lilijengwa kwa machungu makubwa hivyo.

Ukitaka kuzungumza na wazee, anza na salamu. Shikamoo kwanza, maswali baadaye. Kiswahili chako cha Uvira watakisikia mara moja, watacheka kidogo, halafu watakukaribisha. Usipige picha ya mtu wala ya nyumba bila kuomba ruhusa. Karibu na msikiti, mavazi ya heshima yanahitajika kwa wote, wanaume na wanawake.

KITUO CHA TATU: PA LIVINGSTONE

Ukifuata mtaa wenye jina la Livingstone kushuka ziwani, utafika kwenye uwanja wenye miti, jiwe la kumbukumbu na jumba la makumbusho. Unalipa kiingilio, na wageni na wenyeji hawalipi bei moja. Uliza bei kabla ya kutoa pesa. Msimamizi huwa anasimulia mwenyewe, na kwa mtu wa Kiswahili hiyo ni bahati.

Jiwe lina ramani ya Afrika iliyochorwa na msalaba ndani yake. Maandishi yanasema kwamba mwembe uliosimama pale zamani ndio Stanley na Livingstone walikutana chini yake, tarehe 10 Novemba 1871. Mwembe wenyewe ulikufa zamani. Miembe unayoiona pale inasemekana ni uzao wake. Tarehe pia ina maneno: hiyo ni ya Stanley, lakini wote wawili walikuwa wamekosea hesabu ya siku njiani, na wachunguzi wengi wanaona kwamba walikutana mwishoni mwa Oktoba.

Hata ile salamu maarufu, Stanley kumwuliza kama yeye ndiye Daktari Livingstone, haina uhakika. Stanley aliiandika kwenye gazeti na kitabu chake. Lakini katika daftari lake la safari, kurasa za siku ile zilichanwa. Livingstone mwenyewe hakuitaja.

Ndani ya jumba kuna sanamu za wazungu hao wawili, kimo cha mtu, wakivuliana kofia. Watalii wengi wanapiga picha hapo na kuondoka baada ya dakika kumi. Wewe usiondoke. Kuna mambo mawili ambayo picha ile haisemi.

La kwanza ni kwa nini Livingstone alikuwa Ujiji siku ile. Alikuwa amefika Ujiji mara ya kwanza Machi 1869, akavuka ziwa, akazunguka Manyema kwa miaka miwili. Tarehe 15 Julai 1871 alikuwa Nyangwe, kwenye mto Lualaba, siku ya soko. Watu wa wafanyabiashara walianza kufyatulia risasi umati, wengi wao wanawake waliokuja kuuza. Waliokimbilia mtoni walizama. Waliokufa walikuwa mamia. Livingstone aliona kwa macho yake, akakata tamaa ya safari, akarudi Ujiji akiwa mgonjwa. Alipofika, alikuta mali aliyotumiwa kutoka pwani imekwisha kuuzwa. Hapo njo Stanley alimkuta. Habari za Nyangwe zilipochapishwa Uingereza ziliongeza hasira, na 1873 Sultani Barghash alilazimishwa kufunga soko la watumwa la Zanzibar na kupiga marufuku biashara hiyo baharini. Huku bara iliendelea miaka mingine 20. Mauaji ya soko moja la Manyema njo yalitikisa Zanzibar, lakini mbele ya sanamu zile mtu anaweza kutoka bila kujua jina la Nyangwe.

La pili ni watu waliokuwa pembeni. Wa kwanza kumsalimia Stanley siku ile hakuwa Livingstone. Alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, aliyejitokeza katika umati na kumsalimia kwa Kiingereza. Alikuwapo pia Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto. Livingstone alipofariki 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, Susi na Chuma na wenzao waliukausha mwili wake na kuubeba hadi Bagamoyo. Safari hiyo ilichukua miezi mingi, na baadhi ya wenzao walikufa njiani. Bila wao pasingekuwa na kaburi London, wala madaftari ya mwisho.

Makumbusho yana pia sehemu inayoeleza njia ya misafara na biashara ya watumwa. Kama una dakika 30 tu, zitumie hapo.

KITUO CHA NNE: UFUO ULIOHAMA

Toka uwanjani, endelea kushuka na mtaa uleule. Baada ya karibu nusu kilomita utafika ziwani. Hapo utakuta mafundi wanaochonga na kuunga boti za mbao kwa shoka, msumeno wa mkono na nyundo. Utakuta na wavuvi, nyavu, na dagaa walioanikwa juani. Samaki hao Uvira wanaitwa ndagala. Migebuka ya Kigoma ndiyo mikeke ya Uvira. Ziwa ni moja, majina yanabadilika na upande.

Sasa geuka, utazame ulikotoka. Ile nusu kilomita ina habari yake.

Wakati wa Livingstone, maji yalikuwa karibu zaidi na mwembe ule. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutoa maji, mto Lukuga, unaopita Kalemie na kwenda kuingia Lualaba. Katikati ya karne ya 19 mlango huo ulikuwa umeziba kwa mchanga, udongo na majani. Maji ya mito yaliingia, hayakupata pa kutoka, ziwa likapanda mwaka hadi mwaka. Stanley aliporudi 1876 alikuta maji yamemega sehemu za Ujiji alizozijua. Kisha, karibu 1878, maji yalivunja kizuizi cha Lukuga. Ziwa likaanza kushuka, na katika miaka 15 hivi likapungua karibu mita 10. Ufuo wa Ujiji, ambao hauna kina, ulihama mbali na mji.

Kwa mtu wa Uvira hili siyo somo la makumbusho. Kuanzia 2020 ziwa limepanda tena. Kalundu, Kavimvira, Gatumba na mitaa ya chini ya Bujumbura zimeona maji yakiingia nyumbani, na 2024 hali hiyo ilijirudia. Wengi walisema haijawahi kutokea. Ilitokea. Ardhi tambarare iliyo kando ya maji, ambayo mtu anaiona kavu na anaijengea, katika sehemu nyingi ilikuwa chini ya ziwa miaka 150 iliyopita. Ziwa lina kumbukumbu ndefu kuliko hati ya kiwanja.

Kutoka ufuo kama huu njo zilianza safari mbili za Uvira ambazo vitabu vinazitaja. Aprili 1858, Burton na Speke walipanda mitumbwi ya Kannena, mkubwa wa mahali hapa, wakaenda kaskazini. Walitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani na kuelekea Nile. Walifika Uvira tarehe 26 Aprili. Watoto wa mtawala aitwaye Maruta waliwaambia wazi kwamba Rusizi inaingia ziwani, haitoki. Burton alivunjika moyo. Alitaka kwenda kuona mwenyewe, lakini wapiga makasia walikataa kuendelea kwa kuogopa watu wa mbele.

Miaka 13 baadaye, Novemba 1871, Livingstone na Stanley nao walipanda mtumbwi hapa Ujiji, wakafuata ufuo wa Burundi ya leo. Jiwe la kumbukumbu la safari hiyo liko Mugere, kusini kidogo mwa Bujumbura. Walifika kwenye mdomo wa Rusizi, wakaona maji yanaingia. Walirudi Ujiji katikati ya Desemba. Dunia ya wasomi ilishukuru kwa ugunduzi huo. Lakini watoto wa Uvira walikuwa wamekwisha kutoa jibu lilelile tangu 1858.

KITUO CHA TANO: SOKO NA SHANGA

Rudi juu taratibu, uulize soko la Ujiji. Siyo kubwa kama la Mwanga au la Kigoma mjini, lakini linafaa kwa chai, mihogo, samaki na mafuta ya mawese, ambayo Ujiji imeyauza tangu zamani.

Ukilipa chai yako kwa shilingi, kumbuka kwamba soko la hapa lilikuwa na pesa zake. Mwingereza Verney Cameron, aliyefika Februari 1874, alieleza shanga zilizoitwa sofi, ambazo zilionekana kama vipande vya shina la kiko. Asubuhi soko likifunguliwa, watu wenye mifuko ya sofi walikaa tayari. Mnunuzi alibadilisha vitu vyake apate sofi, akazunguka kununua. Soko likifungwa, wauzaji walirudisha sofi kwa wabadilishaji na kuchukua vitu walivyohitaji. Wabadilishaji walipata faida mara mbili, asubuhi na jioni. Kambisti wa Uvira anayekaa na meza ya franka, dola na pesa za Burundi angewaelewa bila mkalimani.

KIMYA KILITOKA WAPI

Mji uliokuwa na biashara hiyo yote ulitulia namna gani? Sababu zilikuja moja baada ya nyingine. Ziwa liliposhuka, ufuo wake ukawa mbali na usio na kina. Miaka ya 1892 hadi 1894 Wabeleji walipigana na Rumaliza na wenzake upande wa magharibi, wakawashinda, na Wajerumani wakaishika Ujiji. Biashara ya watu na pembe ikavunjika. Nafasi yake ilichukuliwa na utawala wa kikoloni, wenye kazi za shuruti na mateso yake.

Kisha ikaja reli. Wajerumani walichagua ghuba ya Kigoma, sababu ina kina na imekingwa na upepo. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika huko Februari 1914. Mwaka uliofuata waliteremsha majini meli yao Graf von Götzen, ambayo waliizamisha wenyewe Julai 1916, Wabeleji wakikaribia. Waingereza waliiinua, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Askari wa Kongo chini ya Wabeleji walishika Kigoma mwaka uleule wa 1916, na utawala huo ulibaki hadi 1921. Hata baada ya hapo Ubelgiji ilipewa sehemu yake katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam kwa ajili ya mizigo ya Kongo.

Toka siku gari moshi lilipofika Kigoma, mizigo haikuhitaji Ujiji tena. Matajiri walihama. Waliobaki ni wale wasiokuwa na sababu ya kuondoka, au wasiokuwa na pa kurudi. Watoto wa misafara wakawa wakulima, wavuvi na mafundi wa boti. Mji ukawa wao.

MAMBO YA KUZINGATIA

Tembea asubuhi, kati ya saa mbili na saa tano, au alasiri baada ya saa tisa. Mchana jua la Ujiji ni kali, na wazee wako ndani. Mwezi wa Ramadhani, usile wala kunywa barabarani. Beba maji ya kunywa yaliyotibiwa, kama unavyofanya Uvira msimu wa kipindupindu. Usikae ufukweni hadi usiku na simu mkononi. Daladala za kurudi Kigoma zipo hadi jioni, lakini ni vizuri kuondoka kabla ya giza.

Kama una mtoto wa masomo, mpe maswali matatu ya kwenda nayo: nani alitembea njia hii bila kutaka, nani alimpokea Stanley kabla ya Livingstone, na maji yalifika wapi mwaka 1878? Majibu ya mawili anaweza kuyapata ndani ya makumbusho au kwa msimamizi. La tatu atalipata kwa kutembea kutoka kwenye miembe hadi ziwani na kuhesabu hatua zake.

Na kuna swali la nne, ambalo jibu lake haliko Ujiji. Katika familia za Uvira, Fizi na Baraka bado kuna wazee waliosikia kwa babu zao majina ya watu waliovushwa ng'ambo na hawakurudi. Jiwe la Ujiji halina majina hayo. Yakiandikwa kwenye daftari la nyumbani wakati wazee wangali hai, hayatapotea.